Msanii asiye na lebo anapataje koneksheni kwenye tamasha na mikutano ya muziki?

Besi_la_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Tuko bendi ya watu watatu hapa Dar: gitaa, besi na ngoma. Lebo hatuna, meneja hatuna. Februari tunavuka kwenda Zanzibar kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, si kupiga bali kukutana na watu, na nauli ikipatikana tutaenda ACCES pia, ule mkutano wa wadau wa muziki wa Afrika. Niandae nini, nimfuate nani na nimwambie nini? Sitaki kula nauli ya boti halafu nirudi na picha za Instagram tu.

Kinanda77
Mkuu, anza kwa kuwatenganisha watu. Mteuzi wa tamasha anatafuta shoo. Wakala anatafuta bendi yenye tarehe za kuuza. Wa usambazaji anatafuta rekodi, na anayeweka muziki kwenye filamu na matangazo anatafuta wimbo usio na mgogoro wa haki. Ukiwapa wote maneno yaleyale, wote watakujibu "tutawasiliana", na ndiyo imetoka hiyo.

Movers & Shakers, vile vikao vya mchana vya Busara, ndiko kwa kwenda. Ratiba ikitoka, chagua watu 10 wanaohusika na muziki wenu na uwaandikie barua pepe wiki 2 kabla. Mistari 5 inatosha: nyie ni nani, mnapiga nini, kiungo kimoja, na ombi la dakika 10.

Kiungo hicho kifunguke bila kuomba ruhusa. Folda ya Drive iliyofungwa imewakosesha watu wengi nafasi. Hakuna mteuzi atakayekaa kusubiri umruhusu. Ndani weka bio ya maneno 100 kwa Kiingereza (na Kifaransa kama mnawaza Visa For Music, tamasha na soko la muziki la Rabat, Morocco), picha 2 kubwa, moja ya upana na moja ya urefu, na video ya laivu ya dakika 4 hivi isiyokatwakatwa. Busara ni laivu tupu, plebeki (kuimba juu ya muziki uliorekodiwa) haina nafasi, kwa hiyo klipu yenye sauti ya studio haimsaidii mteuzi kujua mkipanda jukwaani mtakuwaje.

Kurekodi chumba cha mazoezi kunatosha. Ila msichukue sauti ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) peke yake: kwenye chumba kidogo ngoma zinasikika zenyewe, fundi hazipandishi, na kwenye rekodi zinapotea. Weka na maiki ya chumba, kisha uchanganye.

Mwisho, mchoro wa jukwaa (nani anasimama wapi) na orodha ya chaneli, yaani kila sauti inayoingia kwenye mikisa. Kwenu ni kama 7: sauti 2, gitaa 1, besi 1 kwa DI (kiboksi cha kuichomeka moja kwa moja kwenye mikisa), ngoma 3. Andika na idadi ya wanaosafiri. Tiketi za ndege ndizo zinazoua mialiko mingi, na bendi ya watu watatu hapo ina faida kubwa kuliko mnavyodhani.

Mama_Jukwaa
Nyongeza ya huko huko. Usiku ndani ya Ngome Kongwe, panapofanyika shoo za Busara, usijaribu kujieleza kwa mtu, spika zinapiga na yeye amekuja kuona shoo. Mfuate mchana. Kikao kikiisha wote wanamzonga mzungumzaji mkuu; wewe zungumza na msaidizi wake au mratibu aliyekaa pembeni, maana mara nyingi yeye ndiye anayepanga majina.

Salamu yetu ya kuulizana nyumbani, kazi na afya ni nzuri, lakini mgeni mwenye kikao baada ya robo saa ataondoka kabla hujafika kwenye jambo. Salimu, jitambulishe, uliza swali moja kuhusu tamasha lake, ndipo uombe. Na uombe kitu kimoja. Flashi na CD ziacheni, kompyuta nyingi siku hizi hazina pa kuchomeka CD. Kadi yenye msimbo wa QR inatosha, ila ijaribu kwanza kwenye simu 2 tofauti.

Malazi ya Mji Mkongwe Februari yanauma. Laleni Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, daladala zipo.

Haki_na_Kazi
Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu akiuliza "rekodi ni ya nani?", mjibu hapo hapo. Kama prodyusa alitengeneza biti na hamkuandikishana, jibu hamna. Kaeni sasa, andikeni karatasi ya mgawanyo kwa kila wimbo: majina kamili, asilimia zinazofika 100, sahihi za wote. Sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki (wenzetu wa Zanzibar wana COSOZA), na usajili wenu wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uwe sawa. Kila rekodi iwe na ISRC yake, yaani namba ya utambulisho wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla. Msambazaji huwa anaitoa. Wekeni pia toleo lisilo na sauti ya kuimba, wa filamu huliulizia.

Besi_la_Sinza
Shukrani sana wakuu. Nikishapata namba ya mtu, nimtumie WhatsApp lini?

Kinanda77
Ndani ya siku 2, na kwa barua pepe kwanza. WhatsApp ni kwa aliyekupa namba mwenyewe. Mkumbushe mlikutana wapi na mliongea nini, weka kiungo kilekile. Asipojibu, rudia mara moja baada ya wiki 2 ukiwa na kitu kipya, kisha muache.

Jueni pia kwamba tamasha la Februari huchagua wasanii mwaka uliotangulia, kwa hiyo mazungumzo yenu ni ya mwaka unaofuata. Mkialikwa mahali, waandikieni matamasha ya jirani mara moja: anayewaita kwenye tamasha la Bushfire la Eswatini mwishoni mwa Mei angefurahi tamasha lingine la kusini mwa Afrika lichangie tiketi.

Mama_Jukwaa
Na atakayewaambia mtume hela ya "kushikia nafasi" kwa M-Pesa, mpigeni bloku.