Njaa ya Tonkin 1945: Mfaransa au Mjapani?

Temeke_Mwisho: Wakuu, Mjapani aliingia Tonkin (kaskazini mwa Vietnam, koloni la Mfaransa) Septemba 1940 lakini akamwacha Mfaransa ofisini. Sasa ile njaa ya 1944–45 nani alaumiwe?

MzeeIlala: Wote. Mfaransa alikusanya mpunga kwa nguvu, kwa bei ya kutupa. Mjapani akashinikiza mashamba yapandwe juti, zao la nyuzi za magunia. Ni kama Mjerumani na pamba yake huku kwetu kabla ya Majimaji. Saigon, mji wa kusini, walichoma hadi mchele kuendesha mitambo ya umeme!

Kibada: Ongeza ndege za Marekani. Zilivunja reli na madaraja, mchele wa kusini ukakwama hukohuko. Waliokufa wanakadiriwa 400,000 hadi milioni 2.

Temeke_Mwisho: Na Mjapani alipompindua Mfaransa 9 Machi 1945?

MzeeIlala: Maghala yalibadili mshika funguo tu. Viet Minh, wapigania uhuru wa Vietnam, wakayavunja, wakagawa mchele, wakulima wakawafuata.