Kichwa cha treni chenye silinda upande mmoja tu, kinavutaje magogo?

mtu_wa_reli: Wakuu habari zenu. Nimeangalia video ya huko Cass, West Virginia, kichwa cha treni cha mvuke kinapandisha watalii mlimani, wanasema enzi hizo reli ile ilikuwa ya magogo. Sasa silinda zake zimesimama wima afu zote ziko kulia, kushoto hamna kitu na boila limesogezwa pembeni. Kelele utadhani kinakimbia kumbe kinajikokota tu. Hivi kwa nini hao jamaa wa mbao hawakutumia Garratt, kile kichwa kirefu chenye boila katikati na seti ya magurudumu mbele na nyuma, kama ile Mount Gelai iliyopo makumbusho ya reli Nairobi, si nayo inajikunja kwenye kona?

fundi_propela: Hiyo inaitwa Shay mkuu. Ephraim Shay alikuwa mtu wa magogo Michigan, akapata hataza 1881, kiwanda cha Lima kule Ohio kikaziunda mpaka 1945, zaidi ya 2,700. Silinda hazisukumi magurudumu moja kwa moja, zinazungusha shafti ndefu inayopita nje ya magurudumu ya kulia, yaani propela kabisa kama ya lori, ina krosi (viungo vya kupinda) na sehemu inayorefuka na kufupika bogi, yaani vile vigari vya magurudumu chini ya kichwa, zikikata kona, na kila ekseli ina gia yake. Kwa hiyo hakuna gurudumu la bure pale, hata yaliyo chini ya tenki la maji yanavuta. Boila limewekwa kushoto ili kubalansi uzito wa silinda. Na hiyo kelele ni ya gia, pistoni zinapiga mara nyingi gurudumu likizunguka mara moja tu, ndo maana nguvu inatoka sawasawa na haitelezi ovyo. Cass kuna sehemu mlima unafika asilimia 11, reli ya kawaida asilimia 2 tu watu wanalalamika.

mama_stesheni: Garratt pale ingezama jamani 😂 Zile za klasi 59 kama hiyo Mount Gelai ni tani 250 na ushee, Beyer Peacock wa Manchester walileta 34 kwa ajili ya njia kuu ya Mombasa, reli ya kudumu yenye kokoto na madaraja ya maana. Reli ya magogo inatandikwa haraka haraka porini, mataruma juu ya tope, miti ikiisha wanang'oa wanahamia bonde lingine, sasa nani atamwaga hela kwenye kitu cha muda? Wakaona bora kichwa ndo kivumilie reli mbovu.

baharia_mstaafu: Mmesahau Mallet, na kama swali ni vichwa vya kujikunja basi hiyo ndo yenyewe, Shay watu wengi wanaiweka kundi la vichwa vya gia. Mallet ina seti mbili za magurudumu chini ya boila moja, ya nyuma imefungwa, ya mbele inacheza kwenye bawaba, na mvuke unafanya kazi silinda za nyuma kwanza ndo unapelekwa za mbele ambazo ni kubwa zaidi. Misitu ya karibu ilipoisha safari ya kiwandani ikawa ndefu na Shay ni kobe, ndo kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia kikawa kinawauzia watu wa magogo Mallet ndogo zenye matenki ubavuni, maji yenyewe yanakandamiza magurudumu. Namba 110 ya kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser, ya 1928, bado inabeba watalii kule South Dakota. Kuna nyingine ya 1909 wanaiita Skookum, ilipinduka miaka ya 1950 wakaitelekeza msituni Washington, wapenzi wa reli wakaja kuiokota na sasa inawaka tena, hao watu wana moyo.

mtu_wa_reli: Daah asanteni. Kwa hiyo Shay ilikuwa ya Marekani tu?

fundi_propela: Hapana, Wajapani walipoitawala Taiwan walizipeleka Alishan kushusha magogo kutoka zaidi ya mita 2,000 juu, na reli yenyewe ni nyembamba, milimita 762, afu kuna mahali inauzunguka mlima mmoja zaidi ya mara moja ili ipate kimo. Itafute video yake.