Kikoba tunavunja Desemba: sofa na tivii, au niwapeleke wanangu Bukoba kwa bibi yao?

MamaWawili_Kinyerezi:
Habari za jioni wadau, naomba ushauri, wenye matusi piteni kimya kimya.

Tunavunja kikoba, yaani tunagawana akiba yetu ya kikundi, wiki ya kwanza ya Desemba, wakishakata deni langu na faini na vikorokoro vyote nashika kama milioni mbili na laki mbili hivi. Sasa mimi na baba watoto hatuelewani. Yeye anataka sofa mpya na tivii ya inchi 55 ukutani, na kusema ukweli sofa letu limechoka, ukikaa upande wa dirishani unazama mpaka magoti yanakaribia kidevu, mgeni akija nawahi kukaa pale mimi ili asijue. Mimi nataka tupande basi wote wanne twende kwa mama Bukoba. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitano na bibi yake anamjua kwa video koli tu, juzi mama kamwambia njoo nikukaangie senene, mtoto hajui kama ni panzi wa kula, ananiuliza senene ni katuni gani.

Mzee anasema safari ni hela ya kutupa, tutarudi Januari tunakalia sofa lile lile na ada inatusubiri. Na ana pointi, ndo maana nimekwama. Nauli peke yake kwenda na kurudi inakula sehemu kubwa, hapo sijagusa zawadi, si mnajua ukitokea Dar kila shangazi anategemea kanga. Nyie mlinunua nini kikawapa raha ya kudumu na nini kilipoa baada ya mwezi?

Kaka_Mpole:
Mimi nilivuta inchi 65 kwa ajili ya AFCON. Wiki mbili za kwanza sebule inajaa washkaji, kelele, bia, shemeji yenu anakaanga mihogo, raha tupu. AFCON ikaisha washkaji wakarudi makwao, saivi nakumbuka kwamba ni kubwa siku nikiifuta vumbi. Kwahiyo shemeji asidanganyike, kinachomnogea ni watu, siyo kioo.

Chuma_Hakiliki:
@Kaka_Mpole we ulikosea kuipeleka sebuleni tu, ungefungua banda umiza watu walipe kiingilio kuangalia mpira.

Mchambuzi_wa_Kona:
Hili jambo limepimwa kabisa. 2008 kuna watafiti, Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada na wenzake, waliwapa watu bahasha asubuhi, mwingine dola 5 mwingine dola 20, nusu wakaambiwa zitumie kwa mambo yako, nusu wakaambiwa zitumie kwa ajili ya mtu mwingine, mwisho saa kumi na moja jioni. Jioni waliotumia kwa ajili ya wengine ndo walikuwa na furaha zaidi, na cha ajabu dola 5 au 20 haikuleta tofauti. Ilichapishwa kwenye jarida la Science. Dada nenda kwa mama.

Chuma_Hakiliki:
Hao wazungu wameshiba mkuu. Mimi nikipewa dola 20 asubuhi nakimbilia unga na luku, furaha tutaongelea jioni kama umeme upo.

Mchambuzi_wa_Kona:
Nilijua utasema hivyo. Baadae wakafanya mpaka Uganda, wakawaambia watu wakumbuke siku walipotumia hela kwa ajili yao wenyewe na wengine wakumbuke siku walipotumia kwa ajili ya mtu mwingine, wakalinganisha na Kanada, majibu yakaelekea upande ule ule. Sasa Waganda nao wameshiba?

Bi_Mkora_wa_Temeke:
Mnaleta bahasha za wazungu mtu hajaulizwa ana madeni. Mama Wawili, una kausha damu popote, ile mikopo ya riba kali? Kama unayo hata ya laki mbili lipa hiyo kwanza kabla hujagusa basi wala sofa. Mwenzenu nilikuwa nalala simu nimeizima maana yule wa marejesho anapiga saa kumi na mbili asubuhi, akikukosa anampigia mdhamini wako, na mdhamini ni wifi yangu. Siku niliyomaliza sikununua kitu chochote lakini nililala mpaka saa tatu, hakuna sofa linanipa usingizi ule.

Na hizo kanga za mashangazi achana nazo. Mama yako mnunulie zake mbili, wengine sukari kilo moja moja, atakayenuna anune.

MamaWawili_Kinyerezi:
@Bi_Mkora_wa_Temeke kausha damu sina asante Mungu, kuna friji tu nalipia kidogo kidogo, imebaki laki na themanini. Hiyo nimeshaiandika juu kabisa ya karatasi.

Fundi_Keko:
Najiharibia biashara ila ngoja niseme. Mimi kazi yangu ni sofa. Hilo la kuzama upande mmoja halijafa, mikanda ya chini imelegea na sponji imekufa pale mnapopapenda. Kama fremu ni mbao ngumu na haipigi kelele ukiitikisa, fundi anakuja na mashine anafumua chini, anafunga mikanda mipya, anaweka sponji nzito, kitambaa ni hiari yako. Kwa siku moja limeisha na haifiki robo ya bei ya sofa jipya. Majipya mengi ya bei chee mnayoyaona barabarani ndani ni mbao za maboksi, mwakani unaleta uzi mwingine hapa.

Binti_Kagera:
Na mkienda msiende wiki ya Krismasi, nauli zinapanda na siti hamna. Shule zikifunga tu mwanzoni mwa Desemba ondokeni, tena mtawahi senene.

MamaWawili_Kinyerezi:
Nimempa baba watoto simu asome mwenyewe. Kasoma ya Fundi mara mbili, ya bahasha kairuka. Kasema tivii isubiri, lakini sofa litengenezwe kabla ya safari siyo baada, maana anajua tukirudi hakutakuwa na kitu. Nimekubali. Fundi nakutumia picha sasa hivi.

Fundi_Keko:
Lipindueni kwanza. Nataka picha ya chini, ya juu hainisaidii.