Wachezaji washirikishwe hatua gani katika kubuni mchezo wa bao wa simu?

Fundi_wa_Ng'ambo:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Tuko watatu na tunatengeneza mchezo wa simu wa bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, pamoja na awamu zote mbili: namua, ya kuingiza kete ubaoni moja moja, na mtaji, ya kucheza na zilizokwisha kuingia. Michoro ya ubao iko tayari, ila sehemu kubwa ya programu haijaandikwa. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba wachezaji wa barazani waitwe mwishoni, mchezo ukishatengemaa, ili wautafutie kasoro. Mimi naona wakati huo maoni yao hayatakuwa na pa kuingia, kwa kuwa kila kitu kitakuwa kimeshafungamana. Naomba wenye ujuzi mtuambie: washirikishwe tangu lini, na kauli yao iwe na uzito gani mbele ya mbunifu?

Kete_ya_Mwisho:
Ndugu yangu, waite sasa. Chora kurasa za simu kwenye karatasi, ziweke kando ya ubao halisi, kisha waombe wachezaji wawili hodari wacheze huku mkiwatazama. Msiwaulize kama wameupenda mchezo, kwa sababu mzee aliyekaribishwa kwa heshima atasifu kwa heshima. Tazameni mkono unasita wapi.

Kwa mfano, mwandishi wa programu atapenda shimo lenye mtaji, yaani nafasi ya kula kete za mpinzani, liwake taa, kwani kanuni inamlazimu mwenye mtaji ale. Lakini kwa mchezaji, kuuona mtaji kwa macho yake mwenyewe ndio mchezo, na taa ile inamnyang'anya kazi aliyoijia. Nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, nayo ina mambo yake: katika namua, anayekula akimalizia kete ya mwisho katika nyumba yake ana hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au nyumba isafiri, yaani kete zake zisambazwe. Programu inayosambaza kete mfululizo bila kusimama hapo imemwamulia. Mambo kama haya hayamo katika orodha ya kanuni mliyoiandika. Yamo mikononi mwa wachezaji, na yakigunduliwa mwishoni yatawagharimu kuvunja mlichojenga.

Msiwasahau watazamaji. Barazani bao halichezwi na watu wawili tu, na wale waliosimama nyuma wakibishana kuhusu kete iliyochezwa ni sehemu ya raha yake. Wakae nanyi tangu siku ya kwanza.

Bi_Mpwani:
Naunga mkono, na ningependa kuongeza mfano wa Never Alone, mchezo uliotoka mwaka 2014 kutoka Alaska. Baraza la wenyeji la Cook Inlet Tribal Council ndilo lililotaka mchezo huo utengenezwe, likashirikiana na kampuni ya E-Line Media, na wazee na wasimulizi wa Kiinupiat, wenyeji wa Alaska, wakashiriki katika kuubuni. Hadithi yake ilitokana na masimulizi ya Robert Nasruk Cleveland, na watengenezaji walimwendea binti yake, Minnie Gray, kuomba ridhaa kabla ya kuitumia. Msimulizi anasikika akizungumza lugha yao, Kiinupiaq. Ninachokithamini hapo ni kwamba wenyeji walikuwa wenye mradi, si mashahidi walioitwa kuupamba. Kwa hiyo wazee wenu walipwe kwa muda wao, na majina yao, wakiridhia, yaandikwe ndani ya mchezo pamoja na yenu.

Mlinzi_wa_Kanuni:
Kuhusu uzito wa kauli, ziko timu zilizoufikisha mbali sana. Kampuni ya Jagex ya Uingereza, katika mchezo wa mtandaoni wa Old School RuneScape ulioanza mwaka 2013, huwapigisha wachezaji kura juu ya mabadiliko. Awali pendekezo lilihitaji asilimia 75 ili lipite, na mwaka 2022 kiwango kilishushwa hadi 70. Utaratibu huo huwalinda wachezaji waliopo, lakini aliyeshindwa kuuelewa mchezo akaondoka hapigi kura. Kwenu nashauri mgawanye: juu ya kanuni za bao, wazee wakikataa jambo, liachwe; juu ya namna ya kumfundisha asiyejua, mtazameni kijana ambaye hajawahi kushika kete. Waelezeni mgawanyo huo kabla ya kikao cha kwanza, maana mtu akiombwa rai asijue itafanyiwa nini, mara ya pili haji.

Fundi_wa_Ng'ambo:
Ahsanteni sana. Taa ya mtaji tulikuwa tumeshaichora. Tutaipeleka barazani ikiwa bado kwenye karatasi, tuone watasemaje.