Ushauri: mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne ana minyoo, nimpe kidonge kizima?

MamaK_Mwanza: Habari za usiku wapendwa. Mwanangu ana mwaka na miezi minne, kilo 9. Wiki nzima anaamka usiku analia na kujikuna matakoni. Jana nikamvua nepi, nikammulika kwa tochi ya simu: vidudu vyeupe, vyembamba kama vipande vya uzi, vinajinyonganyonga penye njia ya haja kubwa. Nilitetemeka. Leo duka la dawa kijana kanipa albendazoli ya miligramu 400, kasema "mpe chote". Hata umri hakuuliza. Mama mkwe anasema niachane na dawa, nimpe mbegu za papai, eti kusaga meno usiku ndiyo ilikuwa dalili tangu zamani. Kidonge kiko juu ya kabati. Nifanyeje?

BabaTatu: Dada, kizima usimpe! Wangu kliniki walimpa nusu mpaka alipotimiza miaka miwili.

NesiWaZahanati: Pole mdogo wangu, umefanya vizuri sana kuuliza kwanza. BabaTatu yuko sahihi. Kuanzia miezi 12 hadi kabla ya miaka miwili ni miligramu 200, nusu ya hicho ulicho nacho. Kizima ni kuanzia miaka miwili. Aliye chini ya mwaka asipewe bila kuonwa na daktari. Kesho nenda naye zahanati na kadi ya kliniki, waangalie kama alishapata dawa pamoja na matone ya vitamini A. Huwa tunatoa Juni na Desemba.

Nusu hiyo isagwe kati ya vijiko viwili iwe unga, ichanganywe na maji kidogo, mtoto akiwa amekaa wima. Akilia, subiri anyamaze. Usimlaze wala kumbana pua, kupaliwa na kidonge kumeshaua watoto.

Hivyo vidudu, majike hutoka usiku kutaga mayai pale pale, ndiyo maana anawashwa usiku. Akijikuna, mayai yanabaki kwenye kucha na kurudi mdomoni. Dawa inaua minyoo lakini mayai hubaki, kwa hiyo rudieni baada ya wiki mbili, na nyumba nzima mnywe siku moja (mwenye ujauzito mchanga asinywe). Kata kucha, fua mashuka, mwogeshe kila asubuhi.

Kusaga meno hakuthibitishi minyoo, wapo wengi wanaosaga na hawana. Na mbegu za papai hazina kipimo cha mtoto wa kilo 9.

Mvuvi_Ukerewe: Dada nesi, wetu wanashinda ziwani. Hii inatibu na kichocho?

NesiWaZahanati: Hapana kaka. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na kipimo chake hufuata uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Wapeleke wakapimwe choo na mkojo. Na yeyote mwenye mtoto ambaye tumbo limevimba likawa gumu, anatapika, choo hakitoki, asikae kusubiri dawa ya minyoo ifanye kazi. Akimbilie hospitali usiku huo huo.

MamaK_Mwanza: Nimerudi wapendwa. Zahanati wamempa nusu, wakaisaga mbele yangu, kaimeza bila kulia. Tarehe ya kurudia wameiandika kwenye kadi. Sisi wakubwa tumekunywa jioni hii. Mama mkwe kanywa wa kwanza, na sasa hivi amempakata mjukuu wake anamkata kucha.