Baba anatumia vidonge vya saratani ya tezi dume, presha imepanda ghafla

BintiMakorora
Habari za jioni. Niko Tanga, Makorora, namuuguza baba yangu, miaka 71, alikuwa akipakua mizigo bandarini. Saratani ya tezi dume iligundulika mwaka jana ikiwa imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Anachomwa sindano ya kushusha homoni ya kiume kila miezi mitatu, na miezi miwili iliyopita akaongezewa abirateroni, vidonge vinne vya 250 mg kwa siku. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka, mgongo umeacha kumuuma, usiku analala.

Sasa hii presha. Baba hakuwahi kuwa nayo maisha yake yote. Wiki iliyopita akalalamika viatu vinambana, nikaazima mashine ya jirani: 176 kwa 98. Kesho yake 171 kwa 95. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Mapaja yamelegea, hata ngazi za msikiti zinamshinda.

Alipewa pia kidonge kidogo, prednisoloni 5 mg. Kumbe kakiacha siku kumi na mbili, rafiki yake wa barazani alimwambia kinaleta presha na kinavimbisha uso. Nimejua juzi nilipokuta vidonge chini ya godoro. Abirateroni anameza vizuri, kila asubuhi baada ya chai na vitumbua, namsimamia mwenyewe. Niiache nayo mpaka presha ishuke? Naogopa saratani itaamka. Jirani amenipa vidonge vyake vya kukojoza maji. Nimpe?

Muuguzi_Chumbageni
Dada, vidonge vya jirani mrudishie leo hii. Vingi vinatoa potasiamu mwilini, madini yanayoipa misuli nguvu, na kwa hiyo misuli iliyolegea baba huenda ameshapungukiwa nayo. Na kingine cha kukojoza, spironolaktoni, huepukwa kabisa kwa mtu wa abirateroni, maana kinaweza kuichochea saratani yenyewe.

Rafiki wa baba hakudanganya: prednisoloni kwa dozi kubwa hupandisha presha. Ila hapa imewekwa kwa kazi nyingine. Abirateroni inazuia homoni ya kiume isitengenezwe popote, hadi kwenye zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Tezi hizo zikizuiwa zinashindwa pia kutengeneza homoni nyingine, kotisoli, ya kutosha. Ubongo ukiona kotisoli imepungua unazidi kuzichochea, nazo zinamwaga homoni za upande wa pili, zile zinazoufanya mwili ushike chumvi na maji na kutupa potasiamu kwenye mkojo. Ndiyo hiyo presha, ndiyo hiyo miguu. Prednisoloni inaziba pengo la kotisoli, ubongo unatulia. Kile alichokificha ndicho kilichokuwa kinamlinda.

Na hivyo vitumbua! Abirateroni humezwa tumbo tupu: zipite saa mbili tangu ale, na akishameza akae saa moja ndipo ale. Chakula, hasa cha mafuta, kinaiingiza kwenye damu mara kadhaa zaidi ya inavyotakiwa. Prednisoloni ndiyo inayokwenda na chakula.

Usiiache kwa uamuzi wako. Mpeleke kesho kwa daktari wake, apimwe potasiamu, figo na ini. Kichwa kikimuuma sana, kifua kikibana, au mashine ikifika 180 kwa 120, usingoje kuche.

MamaBagamoyo
Pole mwanangu. Mzee wangu alikuwa kwenye sindano peke yake, na kwake presha ilipanda polepole pamoja na kitambi, kama mwaka hivi. Mimi najiona nampikia vizuri, ng'onda wa nazi mara tatu kwa wiki! Samaki yule chumvi imeingia hadi kwenye mfupa, umroweke usiku kucha bado imo. Nilihamia samaki mbichi na ndimu.

Kamata daftari. Kabla ya kumpima akae dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, asiongee. Asubuhi na jioni. Daktari wetu alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa.

Halafu usimgombeze kwa vile vidonge. Mwanaume anayepewa dawa ya kumwondolea homoni ya kiume ana mengi anayoyanyamazia.

BintiMakorora
Shikamoo mama. Muuguzi, Mungu akulipe. Potasiamu ilikuwa 2.9, na wao wanataka isipungue 3.5. Daktari amesimamisha abirateroni kwanza, amemrudisha kwenye prednisoloni, amempa potasiamu ya vidonge na dawa ya presha, amlodipini 5 mg. Leo siku ya tisa, 142 kwa 86, na viatu vimeingia.

Sikumgombeza. Tulipokuwa tunasubiri majibu akaniambia mwenyewe kwamba aliogopa uso ukivimba watu wa barazani watajua anaumwa nini. Hata mimi alitaka nisijue mengi.

Jumatatu anapimwa damu tena. Akirudishiwa abirateroni, nimefikiri ameze saa kumi na moja alfajiri anapoamka kuswali, chai aikute saa kumi na mbili na nusu. Inafaa?

Muuguzi_Chumbageni
Inafaa sana, mradi asitafune chochote akitoka msikitini, hata kashata. Prednisoloni iwekee pembeni ya kikombe cha chai.