Naomba ushauri: nimlinganishe vipi Eusébio na Mbappé bila kumwonea mtu?

Kibanda Ujiji

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kibanda umiza hapa Ujiji, Kigoma. Kiingilio mia tano, mechi kubwa buku. Pembeni ya skrini nina ubao mweusi ambao huwa naandika ratiba ya wiki kwa chaki. Ligi zikisimama ubao unabaki mtupu, kwa hiyo safari hii nimeamua niupige rangi niandike kitu cha kudumu: wafungaji hatari wa Kombe la Dunia, wa zamani na wa sasa, wote pamoja.

Kuna mzee mmoja namwita mjomba, alikua pamoja na marehemu mama yangu. Jumapili huja na kigoda chake mwenyewe, hukiweka mlango wa nyuma upepo wa ziwa unapopita. Juzi akaniuliza, "Eusébio umemweka wapi?" Nikamwambia ana mabao 9 ya mwaka 1966, kwa hiyo yuko chini ya Sándor Kocsis wa Hungaria mwenye mabao 11 ya mwaka 1954. Hakujibu kitu. Akabeba kigoda chake akaondoka, na kipindi cha pili kilikuwa bado. Miaka yote niliyomfahamu, mjomba hajawahi kuacha mechi katikati.

Jambo hili limenikaa rohoni. Kwake yeye Eusébio, ingawa alichezea Ureno, ni kijana wa Msumbiji, jirani yetu, aliyewatetemesha Wazungu wakati sisi hapa tulikuwa na uhuru wa miaka mitano tu. Siwezi kumpandisha kwa huruma, lakini pia sitaki kumshusha kwa hesabu mbovu.

Nimejaribu kugawa mabao kwa mechi, fainali moja moja:

Kocsis 1954: mabao 11, mechi 5, sawa na 2.20
Fontaine 1958: mabao 13, mechi 6, sawa na 2.17
Gerd Müller 1970: mabao 10, mechi 6, sawa na 1.67
Eusébio 1966: mabao 9, mechi 6, sawa na 1.50
Ronaldo wa Brazil 2002: mabao 8, mechi 7, sawa na 1.14
Mbappé 2022: mabao 8, mechi 7, sawa na 1.14

Hapo wachezaji wa sasa wote wako mkiani, na vijana wanaowashabikia nao wamenuna. Nimeishia kidato cha nne, ila kugawa na asilimia hazinisumbui. Kuna njia gani ya kuwaweka hawa watu kwenye mzani mmoja?

Fundi Gungu

Mkuu unajichosha. Klose wa Ujerumani mabao 16, hakuna aliyemfikia mpaka fainali za 2022 zinaisha. Andika jumla, funga ubao.

Kibanda Ujiji

Fundi, nimekusoma. Lakini Klose amecheza fainali nne, kuanzia 2002 mpaka 2014, mechi 24. Müller alifunga 14 kwa mechi 13 tu. Nikiandika jumla peke yake, namzawadia aliyeitwa mara nyingi. Nimpe heshima yake, ila swali langu liko pale pale.

Chaki Kasulu

Ndugu yangu, umeuliza swali zuri, na nusu ya kazi umeshaimaliza. Mimi nafundisha hisabati sekondari, ngoja nikuonyeshe ninavyowaonyesha wanafunzi.

Bao halina thamani moja miaka yote. Ni kama debe la mahindi: bei ya wakati wa mavuno si bei ya Januari. Kabla hujasema fulani ana mabao mengi, uliza mwaka huo mabao yalikuwa yanapatikana kwa urahisi gani. Fainali za 1954 zilikuwa na mabao 140 katika mechi 26. Hiyo ni wastani wa mabao 5.38 kila mechi! Hungaria waliwapiga Korea Kusini 9-0, wakawapiga Ujerumani Magharibi 8-3 kwenye makundi, na katika mechi hizo mbili peke yake Kocsis alifunga mabao 7 kati ya 11 yake. Mwaka 1966 mechi zilikuwa 32 na mabao 89, wastani 2.78. Ni karibu nusu. Sasa unawezaje kuliweka bao la Kocsis na bao la Eusébio bei moja?

Fanya hivi. Chukua wastani wa mabao kwa mechi wa fainali husika, ugawe kwa mbili ili upate wastani wa timu moja. Halafu gawa mabao ya mchezaji kwa mechi kwa hiyo namba. Jibu likiwa 1, maana yake huyo mtu peke yake alikuwa anafunga sawa na timu nzima ya kawaida ya mwaka ule.

Nimekufanyia:

Fontaine 1958 (mabao 126, mechi 35): 2.17 gawanya kwa 1.80, unapata 1.20
Müller 1970 (95, mechi 32): 1.12
Eusébio 1966 (89, mechi 32): 1.08
Ronaldo 2002 (161, mechi 64): 0.91
Mbappé 2022 (172, mechi 64): 0.85
Kocsis 1954 (140, mechi 26): 0.82

Aliyekuwa wa kwanza kwenye daftari lako amekuwa wa mwisho. Na mjomba wako alikuwa na haki ya kubeba kigoda chake.

Mtoto wa Reli

Salamu kutoka Tabora. Mwalimu ameeleza vizuri sana. Niongeze kwamba sheria nazo hubadilisha bei ya bao. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, wakapunguza wakawa wawili. Daraja la kwanza la Uingereza likatoka mabao 1,192 msimu wa 1924-25 mpaka 1,703 msimu uliofuata, idadi ya mechi ikiwa ile ile. Ndani ya mvua hiyo ndipo Dixie Dean wa Everton alipofunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927-28. Hata hivyo nisingemdharau, maana Everton nzima ilifunga 102. Huyo bwana alibeba asilimia 59 ya mabao ya timu yake. Messi alipofunga 50 msimu wa 2011-12, Barcelona walikuwa na 114, yaani asilimia 44. Kipimo hiki cha mgao nakipenda kwa sababu mvua ya mabao inamlowesha mchezaji na timu yake pamoja.

Hata kwetu hapa ni hivyo hivyo. Watu wanasema Kagere wa Simba mwenye 23 msimu wa 2018-19 alimzidi Aziz Ki wa Yanga mwenye 21 msimu wa 2023-24. Lakini msimu ule wa Kagere ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38. Msimu wa Aziz Ki timu zilikuwa 16, mechi 30. Gawa mwenyewe: 0.61 na 0.70. Nayasema haya na mimi ni Mnyama, shabiki wa Simba.

Fundi Gungu

Hii ya Kagere imeniuma, ila nimegawa kwenye simu mara mbili na jibu ni lile lile. Nimekubali.

Mama Mwandiga

Samahani wanangu, mbona hakuna aliyetaja penalti? Mabao manne kati ya tisa ya Eusébio mwaka 1966 ni penalti: mbili dhidi ya Korea Kaskazini, moja dhidi ya Uingereza, moja dhidi ya Urusi ya zamani. Mbappé naye 2022 ana mbili, zote kwenye fainali na Argentina, achilia mbali zile tano tano za kuamua mshindi. Mkiziondoa, Eusébio anabaki na 5 kwa mechi 6 na Mbappé 6 kwa mechi 7. Kwa mzani wa mwalimu Eusébio anashuka mpaka 0.60 na Mbappé anakuwa na 0.64. Simchukii Eusébio, nampenda. Ila kama tunasema haki, iwe haki.

Chaki Kasulu

Mama, shikamoo. Umegusa penyewe. Kwa ukamilifu ingebidi penalti tuzitoe hata kwenye jumla ya mabao ya fainali, lakini pengo kati ya hao wawili litabaki dogo kiasi kwamba nisingethubutu kusema nani yuko juu.

Na hapa nimwonye mwenye uzi juu ya kitu kimoja ambacho wengi hukiruka: mechi sita ni chache mno. Rusha shilingi mara sita, unaweza kupata mwenge mara tano bila shilingi kuwa na kasoro yoyote. Ndiyo maana kila namba kwenye ubao iwe na idadi ya mechi pembeni yake. Kwa Fontaine ongeza kwamba timu ya taifa ya Ufaransa alifunga mabao 30 katika mechi 21. Kwa Müller ongeza 68 katika mechi 62 za Ujerumani Magharibi. Hapo msomaji anaona kwamba zile wiki chache za fainali hazikuwa bahati. Eusébio ana 41 katika mechi 64 za Ureno, na hii pia uiandike, hata kama mjomba hataipenda.

Dakika nazo zihesabiwe ukiweza. Kocsis alifunga mawili dhidi ya Uruguay ndani ya dakika za nyongeza, na fainali ya Mbappé nayo ilikwenda dakika 120.

Mtoto wa Reli

Penalti ni sawa, mama yangu, lakini tuangalie zilivyopatikana. Ureno walikuwa nyuma 3-0 mbele ya Korea Kaskazini. Eusébio akafunga manne mfululizo, mechi ikaisha 5-3. Penalti ya pili ni yeye mwenyewe aliyekimbia na mpira mpaka ndani ya boksi wakamkata. Mimi ningeweka safu mbili: mabao yote, na mabao bila penalti. Mtazamaji aone zote.

Mama Mwandiga

Safu mbili naafiki.

Kibanda Ujiji

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Asanteni sana, hasa mwalimu na mama.

Jana jioni nilikwenda nyumbani kwa mjomba na daftari. Nilimkuta anaanua dagaa kwenye turubai, nikasaidia kwanza mpaka tukamaliza. Nilimsomea mstari kwa mstari. Kwenye 1.08 akaniambia nirudie. Nilipofika kwenye penalti nne nilisita, lakini nikasoma hivyo hivyo pamoja na ile 0.60. Akafikiri kidogo, akasema niandike, kwani kila mtu anajua zilikuwa nne.

Kisha akauliza huyu wa kwanza, Fontaine, ni mtu wa wapi. Nikamwambia alichezea Ufaransa ila alizaliwa Marrakech, Morocco, na zile fainali alizicheza na viatu vya kuazima kwa mwenzake baada ya vyake kuharibika. Mjomba akashika daftari mwenyewe, akalisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaweka kidole kwenye jina la Fontaine halafu akakishusha mpaka kwa Eusébio. "Ongeza na safu ya mahali walipozaliwa," akasema.

Kwa hiyo ubao utakuwa na safu saba: jina, alikozaliwa, mwaka, mechi, mabao, bila penalti, na ile namba ya mwalimu. Rangi nyeupe nimeshanunua. Swali la mwisho, mwalimu: hiyo namba ya mwisho niiite jina gani kwa kifupi, ili hata mtoto wa darasa la tano aelewe?

Chaki Kasulu

Andika "Sawa na timu ngapi".